Kauntabuku ya mtoto ajaye: jinsi ya kupanga idadi na nafasi ya watoto kwa hesabu

Wenza wengi huanza na swali la "tuzae wangapi?" Anzeni na "tuwapishanishe miaka mingapi?" Watoto watatu waliopishana miaka miwili na watatu waliopishana minne hula mshahara uleule kwa namna mbili tofauti kabisa. Nyumba nyingi huzidiwa si na jumla ya watoto, bali na Januari moja ambayo sare za wawili, godoro la bweni la mmoja na kodi ya nyumba ya miezi sita vimedaiwa wiki ileile.

Mwongozo huu umeandikwa kwa hali ya Tanzania: sheria ya ajira ya huku, madarasa ya huku, zahanati za huku. Mtahitaji kauntabuku, rula, kalamu za rangi mbili na jioni mbili ambazo simu zimewekwa mbali. Jioni ya kwanza ni ya miaka, ya pili ni ya pesa. Msizichanganye. Mkianza na pesa mtabishana bei ya nepi hadi usiku wa manane na jedwali halitachorwa.

Jioni ya kwanza: jedwali la miaka

Fungueni kurasa mbili zinazotazamana. Kushoto kabisa andikeni miaka kwenda chini, kuanzia mwaka huu hadi miaka 30 mbele, mstari mmoja kwa kila mwaka. Safu ya pili ni umri wa mama, ya tatu umri wa baba. Kisha safu moja kwa kila mtoto, waliopo na mnaowatarajia, na safu ya mwisho ya wategemezi: mdogo wa mke anayesomeshwa, mama mzazi anayetumiwa dawa kila mwezi. Safu hii ya mwisho ndiyo husahaulika, na ndiyo hufanya hesabu nzuri ya karatasini ishindwe mezani.

Sasa jazeni hatua za shule. Kwa sera ya elimu toleo la 2023, mtoto anaanza awali akiwa na miaka 5, darasa la kwanza miaka 6, shule ya msingi ni miaka 6, halafu sekondari hadi kidato cha nne ni miaka 4. Kidato cha tano huanza Julai na cha sita humalizika Mei.

Tuchukue mfano. Baba kazaliwa 1992, mama 1997, mtoto wa kwanza anatarajiwa 2027. Huyo ataanza darasa la kwanza 2033, kidato cha kwanza 2039, atamaliza cha nne 2042, ataingia cha tano Julai 2043, atamaliza cha sita Mei 2045, na akienda chuo cha miaka mitatu atatoka 2048. Ongezeni wawili wengine kwa nafasi tatu tofauti, muone.

Kwa miaka miwili (2027, 2029, 2031): kuanzia Julai 2043 hadi mwisho wa 2044 mna watoto watatu sekondari kwa mpigo, mmoja wao akiwa bweni la kidato cha tano na sita. Baadaye mna wawili chuoni kwa wakati mmoja, mara mbili. Lakini wa mwisho anamaliza chuo 2052, mwaka ambao baba anatimiza miaka 60.

Kwa miaka mitatu (2027, 2030, 2033): watatu sekondari kwa pamoja ni miezi mitano tu, Januari hadi Mei 2045. Chuoni hawakutani kabisa: mmoja anatoka, mwingine anaingia. Wa mwisho anamaliza 2054, baba ana 62.

Kwa miaka minne (2027, 2031, 2035): hakuna mwaka wenye watatu sekondari. Ila wa mwisho anamaliza chuo 2056, baba ana 64, mama 59.

Hapo ndipo penye uamuzi wenyewe. Nafasi fupi hubana katikati, nafasi ndefu husukuma mzigo hadi uzeeni. Kustaafu kwa lazima ni miaka 60, kwa hiari 55, na anayelima, anayeendesha bodaboda au anayebeba zege hustaafishwa na mgongo kabla ya sheria. Kanuni ya haraka: chukueni umri wa mzazi mwenye kipato kikubwa siku atakapozaliwa mtoto wa mwisho, jumlisheni 25. Hiyo 25 ni miaka 21 ya njia iliyonyooka hadi kumaliza chuo, na minne ya kurudia mitihani na kutafuta kazi. Jibu likizidi 60, basi ama mpunguze mtoto mmoja, ama msogeze nafasi, ama pesa ya shule ya yule wa mwisho iwe imekamilika kabla ya kustaafu. Mfano wetu unazidi 60 katika mipango yote mitatu, kwa sababu baba anaanza akiwa na miaka 35. Aliyeanza na 25 ana nafasi ya kupumua. Aliyeanza na 38 na bado anataka wanne anajidanganya mchana kweupe.

Zungushieni kwa kalamu nyekundu kila mwaka wenye hatua mbili nzito au zaidi. Hiyo ndiyo miaka mnayoiwekea akiba, na mtaihitaji jioni ya pili.

Jioni ya pili: mafungu ya pesa

Andikeni bei za kwenu, za duka lenu. Takwimu zilizo hapa chini ni za kuonyesha namna ya kupiga hesabu.

*Mimba na kujifungua.* Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio 8 ya kliniki, la kwanza kabla ya wiki ya 12. Katika vituo vya serikali huduma ya mjamzito ni bure kisera, lakini nauli si bure, ultrasaundi mara nyingi hulipiwa, na orodha ya vifaa vya kwenda navyo ni yenu: glovu, pamba, kibana kitovu, mpira wa kulalia, khanga safi, beseni, sabuni, nguo za mtoto. Tengenezeni bajeti mbili, ya kujifungua kawaida na ya upasuaji. Ya upasuaji ina siku zaidi wodini, chakula cha msindikizaji, nauli ya rufaa, na wiki sita za mama kutobeba ndoo wala kuinama kufua, yaani kuna mtu wa kulipwa au ndugu wa kulishwa. Fungu hili lijae ifikapo wiki ya 28. Wanaolipangia mwezi wa tisa hukutwa na mtoto njiti mkononi na mfuko nusu.

*Mwaka wa kwanza.* Maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ndiyo uamuzi wa kifedha mkubwa kuliko wote wa mwaka huo. Mtoto wa kilo 5 anayelishwa maziwa ya kopo hutumia karibu gramu 100 za unga kwa siku, kwa hiyo kopo la gramu 400 ni siku nne, makopo saba au manane kwa mwezi. Zidisheni kwa bei ya dukani mkae kimya kidogo. Nepi za kutupa zikienda 6 kwa siku na moja ikiwa shilingi 500, ni 90,000 kwa mwezi. Familia nyingi hupunguza kwa kutumia za kitambaa mchana na za kutupa usiku na safarini. Chanjo za mpango wa taifa hazilipiwi.

*Mkono uliosimama.* Hili halina risiti, kwa hiyo haliandikwi, na ndilo kubwa. Tuseme mama lishe anapata faida ya 12,000 kwa siku, siku sita kwa wiki: ni 72,000 kwa wiki. Akipumzika wiki 12 anakosa 864,000. Wiki 12 zinazofuata akifanya kazi nusu siku anakosa 432,000 zaidi. Jumla 1,296,000, kabla hamjanunua nepi hata moja. Zaidi ya hapo, mtaji wenyewe huliwa. Unga, mafuta na mkaa wa biashara huingia jikoni kwa mzazi, na arobaini ikipita biashara haina cha kuanzia. Kabla ya wiki ya 34, hamisheni mtaji kutoka kwenye simu ya matumizi uende kwenye kikoba au akaunti ambayo kuutoa kunahitaji saini ya pili.

*Shule.* Tangu Januari 2016 hakuna ada katika shule za serikali hadi kidato cha nne, na tangu mwaka wa masomo 2022/23 hata kidato cha tano na sita. Kinachobaki kwa mzazi ni sare, viatu, madaftari, chakula cha mchana, nauli, na kwa bweni ile fomu ndefu ya kujiunga yenye godoro, shuka, ndoo, jembe na fagio. Ombeni fomu ya mtoto wa jirani aliyeingia mwaka huu, nakilini vitu vyote, ulizeni bei sokoni, kisha zidisheni kwa 1.6. Hiyo 1.6 ni bei inayopanda asilimia 4 kwa mwaka kwa miaka 12: kinachogharimu 500,000 leo kitakuwa kama 800,000. Wanaotaka shule binafsi waweke safu yake peke yake, maana hiyo ni familia nyingine kihesabu.

*Bima.* Mwajiriwa anayechangia NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, amekuwa akiandikisha mwenza na wategemezi wanne. Ukimwandikisha mama yako na mama mkwe, nafasi za watoto zimebaki mbili. Mtoto wa tatu anaweza kuwa ndiye wa kwanza anayetibiwa kwa pesa taslimu, na hilo litajulikana usiku wa manane homa ikipanda. Thibitisheni utaratibu wa sasa ofisi ya mfuko kabla ya kujaza safu hii.

Kwa nini hesabu nyingi huangukia miaka mitatu

Shirika la Afya Duniani linashauri mama asubiri angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Ongeza 9 ya ujauzito: miezi 33 kati ya mtoto na mtoto. Baada ya mimba kuharibika, ushauri ni kusubiri angalau miezi 6.

Sasa tazameni upande wa ajira. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja, ndani ya mzunguko wa likizo wa miezi 36. Mwajiri analazimika kulipia likizo za uzazi nne tu. Mama anatakiwa kumjulisha mwajiri angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya matarajio, akiwa na cheti cha daktari, na awe ametimiza miezi sita kazini. Baba ana siku 3, na azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe.

Wengi hukosea hapa: mzunguko wa miezi 36 huhesabiwa tangu kuajiriwa, wala haujali siku uliyojifungua. Aliyeajiriwa tarehe 1 Februari 2024 mzunguko wake wa kwanza unaisha 31 Januari 2027. Akijifungua Juni 2024 bado hana miezi sita kazini. Akijifungua Machi 2025 na tena Desemba 2026, zote zimo katika mzunguko mmoja, na ya pili anaweza kuambiwa haina malipo. Ile ya Desemba ingesogea hadi Machi 2027 tu, ingeangukia mzunguko mpya. Andikeni tarehe za mizunguko pembeni mwa jedwali, kwa rangi ya pili.

Mafao ya uzazi ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nayo yana masharti ya namna hiyo: michango isiyopungua miezi 36, kati yake 12 iwe ndani ya miezi 36 kabla ya kujifungua, na hulipwa mara moja kila miaka mitatu, isipokuwa mtoto akifariki kabla ya kutimiza mwaka. Mwanachama aliyepishanisha miaka miwili analipwa kwa mmoja, kwa mwingine anatazama. Aliyebadili kazi ahakikishe mwajiri mpya anapeleka michango kweli. Kukatwa kwenye mshahara ni jambo moja, kufika kwenye mfuko ni jingine.

Kuchagua njia inayolingana na jedwali

Mpango wa miaka mitatu unalindwa na njia ya miaka mitatu. Katika kila wenza 100 wanaotumia njia moja, kwa mwaka wa kwanza wa matumizi ya kawaida, mimba hupatikana kwa takriban 20 wanaomwaga nje, 13 wanaotumia kondomu, 7 wanaotumia vidonge, 4 wanaotumia sindano, na chini ya mmoja kwa vijiti na kitanzi. Ishirini kwa mia yaonekana ndogo. Lakini kama kiwango hicho kingebaki hivyohivyo miaka mitatu, karibu nusu ya waliotegemea kumwaga nje wangekuwa na mtoto ambaye hayumo kwenye jedwali.

Vituo vya serikali hutoa njia hizi bila malipo, kwa hiyo tofauti ya gharama iko kwenye safari. Tuseme nauli na nusu siku ya kazi ni 7,000. Sindano ya kila miezi mitatu ni safari 12 kwa miaka mitatu, 84,000. Kijiti ni safari mbili, kuweka na kutoa, 14,000. Kijiti cha Implanon hudumu miaka 3, cha Jadelle miaka 5, kitanzi cha shaba hufika miaka 10 au zaidi, na vyote huweza kutolewa siku yoyote mnapotaka mtoto, bila kusubiri muda uishe.

Tarehe za kuanza: kitanzi huwekwa ndani ya saa 48 baada ya kujifungua, la sivyo msubiri wiki 4. Kijiti huweza kuwekwa hata kabla mama hajatoka wodini. Vidonge vya homoni mbili si vya mama anayenyonyesha kabla ya miezi 6. Vya homoni moja vinamfaa, ila vinywewe saa ileile kila siku. Kunyonyesha kwenyewe hukinga kwa masharti matatu yakiwa pamoja: mtoto hajafika miezi 6, hedhi haijarudi, na hapewi kitu kingine, hata uji mwepesi wa bibi. Moja likivunjika, kinga imekwisha siku hiyo.

Sindano inahitaji hesabu yake. Baada ya kutoa kijiti au kitanzi uzazi hurudi mara moja. Baada ya sindano ya miezi mitatu, kwa wastani mimba huja kama miezi 10 tangu ile ya mwisho, na wengine huchelewa zaidi. Mkitaka mimba mtoto akiwa na miezi 27, sindano ya mwisho iwe karibu na miezi 17. Kwa kuwa wapo wanaoshika mapema, tumieni kondomu hadi mtoto atimize miezi 24. Asiyejua hili huacha sindano, hukaa miezi minne bila dalili, kisha huanza kwenda kwa waganga kutafuta dawa ya kizazi. Pesa hiyo nayo haikuwemo kwenye bajeti.

Mwambieni mhudumu dawa zote mnazotumia. Rifampisini ya kifua kikuu, baadhi ya dawa za kifafa na efavirenzi ya VVU hupunguza nguvu ya vijiti na vidonge. Kitanzi cha shaba hakiguswi na hizo. Matone ya damu ya miezi ya mwanzo kwa mwenye kijiti husumbua lakini mara nyingi hutibika, kwa hiyo rudini kituoni kabla ya kukikatia tamaa.

Waliokwisha kufika idadi wanayoitaka wafikirie kufunga uzazi. Kwa mwanamume ni upasuaji mdogo, ila kinga huanza baada ya miezi mitatu, na kabla ya hapo kondomu inaendelea.

Hesabu huharibikia wapi

"Kila mtoto huja na riziki yake" lilikuwa na hesabu yake zamani, palipokuwa na shamba la kufungua na mikono ilihitajika. Ekari 4 zikigawiwa watoto 5 ni ekari 0.8 kila mmoja, na mjukuu atarithi uwanja wa kuanikia. Hoja ya watoto kuwa bima ya uzeeni ina ukweli zaidi, na si ya kudharauliwa mahali ambapo wengi hawana pensheni. Ila jiulizeni nani katika ukoo wenu anatuma pesa nyumbani leo: ni yule aliyesomeshwa akamaliza, au wale watano walioishia njiani?

Kutafuta wa kiume ni mtego mwingine. Mimba ya nne ina nafasi kama nusu kwa nusu hata kama wa kwanza watatu ni wasichana. Tumbo halina deni la kulipa.

Mapacha wawekeeni mstari: kila fungu la mwaka wa kwanza mara mbili, isipokuwa likizo, ambayo huongezeka siku 16 tu.

Akiba ya miaka iliyozungushiwa nyekundu isikae kwenye simu. Shilingi 20,000 kwa mwezi kwa miaka 12 ni 2,880,000 kabla ya faida. Kikoba kinafaa kwa fungu la kujifungua kwa sababu hugawana kila mwaka. Kwa fungu la sekondari tafuteni mfuko wa muda mrefu, kama Mfuko wa Watoto wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya mifuko ya uwekezaji, ambao kianzio chake ni kidogo.

Jedwali lipitieni kila Desemba, na pia kazi ikibadilika, mimba ikiharibika au mzazi akihamia kwenu. Tarehe ya kurudi kliniki iandikeni humo kwenye kauntabuku mbali na kadi, kwa sababu kadi hubaki kwenye mkoba ulioachwa kijijini, na sindano iliyocheleweshwa zaidi ya wiki nne huhitaji kupima mimba kwanza.